Betri Zilipokuwa Juani

Enzi zetu betri haikutupwa ilipozimika. Juzi binti yangu alinuna kutwa kwa sababu kipanya chake cha kompyuta, kile kisicho na waya, kilimfia katikati ya kazi. Betri ile ilikuwa imemkalia miezi. Nikamwambia awe anakizima kwa chini kila amalizapo. Akacheka. "Baba, hiyo ni betri tu."

Betri tu! Laiti angemjua nyanyake wa miaka ile ya tisini.

Kwetu Kibokoni, Mombasa, redio ilikuwa ya mamangu, si ya baba aliyekuwa karani wa ghala Shimanzi, wala si yetu watoto. Kwenye stesheni ya matangazo alitia tone la rangi ya kucha, na ole wako uisogeze sindano. Sauti aliiweka chini kabisa ili betri zisiishe, akaiinamia kwa sikio. Muziki hatukuruhusiwa. Aliifungua saa saba tu, nyumba inanuka samaki wa nazi, asikize matangazo ya wagonjwa na waliofariki, kwa kuwa mamake alikuwa Lamu na kwao hakukuwa na simu. Habari zote za kwao zilipita hewani.

Betri zikichoka tuliziuma kwa meno, kisha tukazianika juu ya mabati zipate nguvu. Zilizokufa kabisa tulizipasua, makaa yake tukachorea magoli ukutani, na tukachapwa kwa ajili ya uchafu huo. Watoto wa leo hata kuta za kuchafua hawana haja nazo.

Mwishoni mwa mwezi mmoja, betri zilichoka mno. Mama akazianika siku mbili mfululizo. "Naziote jua zikolee," alisema, naye akaendelea na mahamri yake.

Siku ya tatu jirani yetu Bi Saumu alipiga hodi, akashtuka kumwona mama jikoni.

"Kwani hukwenda, dada Zuwena?"

"Kwenda wapi?"

"Lamu! Si wametangaza mamako ni mahututi, akutaka? Jana na juzi wakutaja jina. Twajua umesikia, wewe hupitwi na tangazo."

Mtaa mzima ulisikia. Kila mtu alimwona mama amenyamaza, akadhani anajikaza, na nani angependa kumtonesha mtu kidonda? Mama alikaa sakafuni na unga mikononi. Sijawahi kuona uso ukizeeka haraka vile.

Alipanda basi kesho yake alfajiri. Alikuta mikeka ya matanga imetandikwa. Dadake akamwambia kwamba nyanya, hadi sauti ilipomkatika, alikuwa akiuliza, "Zuwena amekuja?" Mama aliporudi Mombasa alinunua betri mpya, na baada ya hapo hakuifungua tena redio ile.

Sasa habari hutufikia kabla hata hazijatimia, na vijana wetu huzisoma huku wakitafuna, wakapitia nyingine. Mamangu alipougua mwaka jana, dadangu alinipigia simu nikiwa kazini Mbaraki. Nilifika. Nilimshika mkono mpaka mwisho. Watu walinipa pole nami nikaitikia, lakini nilichokuwa nalilia mle chumbani ni kwamba mamangu aliitwa siku mbili, kwa jina lake, na kila mtu alisikia ila yeye.