Kiazi Mbele ya Mguu wa Kulia

Harufu ya majani yaliyofyekwa hunirudisha uani kwetu Njombe, nimeshika fimbo ya muwati, kiazi kidogo kiko miguuni. Viazi vikubwa vilikuwa vya kupeleka sokoni Makambako.

Baba alichuma chai kando ya kiwanja cha gofu. "Wakipiga huwa wamenielekea, nawaona vizuri," alisema, akakisogeza kiazi mbele ya mguu wangu wa kulia. "Kinakaa hapa. Na usipige kama unalima."

Nikapiga. Kiazi kikaenda kulia, kwenye kabichi za mama. Nikapiga kingine, kulekule. Nilimkasirikia baba, nikavikasirikia na viazi.

"Baba, mbona havinyooki?"

Alitazama miguu yangu, akakuna kichwa. "Sijui, mwanangu. Ya kwao mipira inanyooka."

Leo asubuhi mwalimu wangu wa gofu alisimama akinielekea, mpira mbele ya mguu wake wa kushoto. Kwa upande wangu, ulikuwa kulia. Hivi ndivyo baba alivyowaona, akiwa kwenye chai.

"Usogeze kushoto, dada," akasema.

Nikausogeza, nikapiga, ukanyooka mpaka kwenye bendera. Akapiga makofi.

Mpira uliofuata niliuweka kulia.