Nilivyojikamatisha Msibani

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu wenyewe mmeniuliza, na msicheke kabla sijamaliza, maana hata leo nikimwona mtu aliyekuwepo siku ile pale Ruhuwiko nageuza njia, naona haya mpaka masikio yanawaka.

Mnajua mimi kwetu ni Nkhata Bay, nchi nyingine, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Damas alinioa akanileta Songea, hapo Ruhuwiko, na miaka ya mwanzo mambo yalikuwa mepesi, mume anakwenda uhamiaji anasema huyu mke wangu, wananigongea muhuri, tunarudi nyumbani kula. Halafu ikaja miaka ya ruksa, maduka yakajaa vitenge na sabuni za kila rangi, kila kitu ruksa, kumbe kwetu sisi wa kuja ndiyo kamba inakazwa: tukasikia sasa mke naye lazima awe na kibali chake mwenyewe, na maombi anayapeleka akiwa kwao, siyo akiwa hapa. Wengine wakasema hapana, hiyo ni ya wafanyabiashara tu. Kila wiki na lake. Damas akaniambia, "Mama Skola, nenda ukaulize tu, kuuliza si kosa." Mimi na ujuaji wangu nikaona anayeuliza ndiye anayeonekana, afadhali ninyamaze, watanisahau. Muhuri ukaisha, nikanyamaza.

Basi baba mkwe akafariki. Alikuwa bwana misitu (mzee mpole, alinipenda kuliko wanawe wa kuzaa, na hilo ndilo linaniuma zaidi, kwamba nilimharibia siku yake). Watu wakaja toka Namtumbo, toka Hanga, na jirani yetu afisa uhamiaji naye akaja, kakaa mkekani na wanaume kama mfiwa mwingine yeyote. Mimi tangu nimwone nikajichimbia jikoni nyuma ya nyumba, nasonga ugali, sitoki.

Sasa Wangoni na Wahehe ni watani, na msiba bila watani haujawa msiba. Babu mmoja wa Kihehe, ndiyo kwanza katoka Iringa, simjui hanijui, akaingia chumbani kwa marehemu akavaa koti lake la kaki na kofia yake ya kazi, akatoka anatembea vilevile kama marehemu, akamkemea yule afisa, maana alishaonyeshwa ni nani, "Inuka hapo, leo mkuu wa uhamiaji ni mimi!" Watu wanacheka na machozi yao. Hayo yote nilihadithiwa baadaye. Mimi niliona tu koti la kaki limetokeza jikoni, na sauti nzito, "Kila mtu atoe kibali! Asiye nacho leo analala Nyasa!"

Haki ya Mungu, akili ilinitoka. Wenzangu wanacheka, wifi yangu Imelda anamjibu, "Kamata wote, baba, hawa wamekuja kumaliza nyama tu," na mimi niko chini nimepiga magoti kwenye majivu, mwiko mkononi unadondosha ugali, nalia kwa sauti, "Afande nisamehe, muhuri wangu umeisha tangu mwaka jana, niliogopa tu, usinirudishe, nina mtoto, Skola wangu bado mdogo!"

Kicheko kikakatika. Babu akavua kofia, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi mtani tu." Nikainua macho, na nyuma yake wamejaa watu waliokuwa wakimfuata kucheka, katikati yao yule jirani yetu. Alikuwa anatazama chini.

"Mama Skola," akasema, "ungekuja ofisini tungeongea. Sasa umesema mbele ya ukoo mzima, na mimi nimesikia. Unataka nifanye nini?"

Tukazika. Baada ya matanga nikapanda lori mpaka Mbamba Bay, nikavuka, nikakaa kwetu kungojea kibali. Skola hakuwa na pasi, akabaki kwa Imelda. Mvua zikaja zikaisha, mahindi yakavunwa, mimi nangoja tu, nalia kila nikisikia mtoto wa mtu anaita mama.

Niliporudi, kibali mkononi, Skola aliniamkia vizuri kabisa, shikamoo, kwa adabu, halafu akajificha nyuma ya shangazi yake akamwuliza, "Mama, huyu atalala wapi?"

Ilichukua muda mrefu sana mpaka akaniita mimi mama. Tangu hapo nikisikia redioni kuna sheria mpya sisubiri hata chai, niko mlangoni kwa watu wa uhamiaji nauliza. Wamenichoka. Wanichoke tu.