Kipimo Kilichosikiliza Majirani Zake

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kushona hati mbili na kuziita moja. Nilichukua nusu ya uvumbuzi wa mtu kutoka hati ya huku, nusu nyingine kutoka hati ya kule, nikaziunganisha, kisha nikaandika kwa herufi nzito: SI KIPYA. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini, na siku ile nilijiona hodari.

Nieleze kazi yenyewe, maana hata nyumbani kwetu Bagamoyo ilichukua muda watu kuielewa. Mtu akibuni kitu na kutaka hataza, yaani haki ya kisheria kwamba kitu kile ni chake kwa miaka fulani, lazima ithibitike kwamba hakuna aliyekitangaza kabla yake popote duniani. Maarifa yote yaliyotangulia hupekuliwa: maombi ya hataza ya nchi nyingine, makala, vitabu, hata maonyesho ya hadharani. Wakili mmoja wa Dar es Salaam, mama mwenye sauti ya taratibu, hunitumia maelezo na michoro ya wateja wake kabla haijafika kwa mkaguzi wa hataza. Mimi hupekua, hulinganisha, huandika ripoti. Mteja akiambiwa kitu chake ni kipya, huendelea. Akiambiwa si kipya, mara nyingi huacha.

Sikusomea haya. Nilikuwa fundi simu kwenye kibanda karibu na stendi. Kilichonivuta ni simu ya mteja mmoja iliyoonyesha mistari yote ya mtandao lakini ujumbe hauondoki. Nilibadilisha hiki na kile, hola. Baadaye sana nikasoma kwamba mistari ile huonyesha jinsi simu inavyousikia mnara. Haisemi chochote kuhusu mnara kuisikia simu. Ujumbe kushuka ni safari moja, kupanda ni safari nyingine kabisa. Mnara una sauti kubwa. Simu ina kasauti kadogo, tena kanashindana na vingine vingi. Tangu hapo nikawa mgonjwa wa hiyo safari ya kupanda. Kila nilipopata bando nilipakua hati za viwango vya mitambo na kuzisoma kwa kamusi, siku nyingine sentensi tano tu hadi jioni, mpaka yule wakili akanichukua nimsomee za wateja wake.

Aliyejifundisha mwenyewe ana woga wake: hajui asichokijua. Mimi husoma ujumbe wa salamu mara tatu kabla ya kuutuma, na mara mbili baada ya kuutuma, nikitafuta nilipokosea. Kwa hiyo niliingia kazini na imani moja, kwamba mpekuzi mzuri ni yule asiyepitisha kitu. Kukataa kulionekana salama. Nikipitisha kitu cha zamani nitaumbuka. Nikikataa kitu kipya, nani atajua?

Ombi lenyewe lilitoka kwa fundi mmoja wa Zinga, mzee anayefuga samaki. Samaki wa bwawa huishiwa hewa ndani ya maji alfajiri, na wakiachwa wanaweza kufa bwawa zima kabla jua halijapanda. Fundi alitengeneza vipimo vidogo vya kupima hewa hiyo, akaviweka kwenye mabwawa yake na ya jirani zake, vyote vikipeleka habari kwa redio hadi kwenye kipokezi kimoja juu ya mlingoti. Shida ni kwamba hewa hupungua kila mahali saa ileile. Vipimo vyote vilikuwa vinapiga kelele pamoja, ujumbe unagongana angani, kipokezi kinasikia makelele matupu.

Kuna njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza, kifaa kiombe nafasi, kisubiri kuruhusiwa, ndipo kiseme. Ni ya adabu lakini polepole. Ya pili, kifaa kiseme moja kwa moja bila kuomba. Ni ya haraka, lakini ndiyo hiyo inayoleta kugongana. Fundi alifanya hivi: kipimo chake huanza kwa kusema bila kuomba. Kisipojibiwa, hakirudii papo hapo. Kwanza husikiliza kama kipokezi kimewajibu majirani. Ikiwa majirani wamejibiwa, kinajua tatizo liko kwake, kinaacha njia ile na kwenda kuomba nafasi. Ikiwa hakuna aliyejibiwa, kinajua njia yote imejaa, kinanyamaza kidogo.

Nilipata hati moja ya ng'ambo yenye kifaa kinachosema bila kuomba. Nikapata nyingine yenye kifaa ambacho, kikishindwa mara kadhaa, hurudi kuomba. Kuhusu kusikiliza majirani niliandika mstari mmoja: "Hili ni jambo la kawaida kwa fundi yeyote." Mstari ule sikuufanyia utafiti wowote. Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na mbili, hakuna hata nukta moja iliyokaa vibaya. Wakili aliniamini, akampelekea fundi.

Wiki tatu baadaye wakili alinitumia mwongozo wa wakaguzi ili nijinoe. Ukurasa wa kumi na kitu ulinifanya masikio yawake moto. Kuvunja upya wa kitu, ulisema, lazima hati moja peke yake iwe na kila kilichodaiwa. Hati mbili zinaruhusiwa katika swali jingine, kama jambo lilikuwa dhahiri kwa mtu wa fani hiyo, na hapo ni lazima ueleze kwa nini mtu huyo angefikiria kuziunganisha. Mimi sikueleza kitu. Nilishona tu.

Naona haya kuandika nilichofanya baada ya hapo. Sikumpigia wakili. Kwa siku tatu nilinyoosha pambizo za ripoti nyingine ambayo haikuwa na haraka yoyote. Nilijiambia kwamba hata kwa swali la pili fundi angeshindwa tu, kwa hiyo kosa langu halikudhuru mtu.

Alhamisi nilikuwa chumbani, mlango nimeurudishia. Naishi kwa shangazi yangu, katika nyumba ya zamani yenye baraza mbele na uani nyuma. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alikuja mlango wa mbele kurudisha sinia la harusi. "Hodi!" Kimya. "Hodi jamani!" Nilimsikia. Nilidhani shangazi ataitika. "Hodi!" Kisha ndara zikaondoka taratibu.

Baada ya muda shangazi aliingia akifuta mikono kwenye khanga.

"Nani alikuwa anabisha?"

"Mama wa sinia."

"Akaenda zake?"

"Alibisha mara tatu, shangazi."

"Mara tatu sawa, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini masikio hana? Mimi nacheka uani na mwenzake, mtaa mzima unasikia! Ukibisha, ukasikia wenzio wamekaribishwa, si unajua tatizo ni mlango unaoubisha? Zunguka! Nyumba yote ikiwa kimya, hapo ndiyo urudi kwako." Akanitazama. "Na wewe, ulikuwa umekufa humu?"

Jambo la kawaida kwa yeyote, ndivyo nilivyoandika. Na hapa mtu aliyezaliwa mji huu, aliyebisha milango yake zaidi ya miaka hamsini, alikuwa hakulifanya. Mlango wa shangazi si ushahidi, najua, kwa hiyo nikarudi kwenye hati zangu mbili na kuzisoma upya, safari hii nikitafuta kitu kimoja tu: je, kuna kifaa chochote humu kinachojali kama jirani amejibiwa? Hakikuwapo. Kila kifaa kilihesabu kushindwa kwake peke yake. Nikatafuta kwenye hati nyingine, hadi mwadhini akaadhini alasiri, na baada ya hapo tena hadi magharibi. Sikukuta hata moja.

Nikampigia wakili.

"Mbona unahema hivyo?" aliuliza.

Nilimweleza yote, pamoja na zile siku tatu za kukaa kimya.

"Unajua yule mzee alisemaje alipopata ripoti yako?" alisema. "Alisema kama si chake, basi ni cha wote. Keshokutwa Jumamosi wafugaji wa samaki wanakutana Mbegani. Atawaonyesha kila kitu, hatua kwa hatua."

Kitu kikionyeshwa hadharani kabla ombi halijawasilishwa, maonyesho hayo yenyewe huwa maarifa yaliyotangulia. Mzee angeuvunja upya wa kitu chake kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu yangu. Na kulikuwa na karakana moja Dar iliyokuwa tayari kutengeneza vipimo pamoja naye, ila kwa sharti kwamba viwe na ulinzi.

"Tumpigie sasa hivi," nilisema.

"Nitajaribu, ila simu yake mara nyingi iko juu ya mti na yeye yuko ndani ya maji. Na wewe, mwanangu, ndiye uliyemwandikia. Kesho asubuhi nenda ukamwambie usoni."

Nilimkuta kesho yake amesimama bwawani, maji kiunoni, anavuta wavu. Mkewe alikuwa ukingoni na ndoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umefuata sato, rudi wiki ijayo."

"Sikufuata sato. Mimi ndiye niliyeandika ile ripoti."

Aliuachia wavu. Alinitazama kuanzia viatu kupanda juu. "Wewe? Mimi nilimdhania mzee mwenye miwani kama vitako vya chupa!"

"Muulize kama amekunywa chai," mkewe alisema. "Mtoto anatetemeka huyo."

Nilimwambia niliunganisha hati mbili mahali palipohitaji moja. Nilimwambia kuhusu mstari wa jambo la kawaida, kwamba niliuandika bila kutafuta. Nilimwambia niligundua Jumatatu na leo ni Ijumaa.

"Kwa hiyo kitu ni changu?"

"Hilo ataamua mkaguzi. Ninachoweza kusema ni kwamba nimetafuta, na sijaona aliyekisema kabla yako. Nilichokuandikia kilikuwa kosa."

Alipanda ukingoni, maji yakimchuruzika, akakaa. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

"Nilishawaambia wale wa karakana waachane nami," alisema. "Kwa aibu. Niliona kama nimejaribu kuuza kitu cha watu."

"Wapigie tena," mkewe alisema.

"Na kesho je? Nimeshawaita watu. Nikawaambie nini, njooni mtazame samaki wanaogelea?"

"Waonyeshe vipimo," nilisema. "Waonyeshe hewa inavyoshuka alfajiri, na simu inavyokuamsha. Ila usieleze jinsi vinavyopokezana zamu ya kusema. Wakili atawasilisha ombi Jumatatu. Baada ya hapo sema unavyotaka, kwa yeyote."

"Mimi si mtu wa kuficha, kijana."

"Ni siku mbili tu, mzee."

Alikamua pindo la kaptula yake. Mkewe alinipa chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati, nikainywa ya moto hivyo hivyo kwa sababu nilihitaji kitu cha kushika.

Jumamosi nilikwenda Mbegani na kukaa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Alizungumza vizuri. Watu walipitishiana kipimo mkono kwa mkono, wakakigeuza, wakakinusa hata. Kisha kijana mmoja mwenye kofia akasimama.

"Mzee, vipimo ishirini, kipokezi kimoja, saa ileile. Vinaongeaje bila kugombana?"

Mzee alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Vimelelewa vizuri," alisema.

Ukumbi ukacheka. "Tupe na sisi hayo malezi!" mtu akapaza sauti. "Ya kwangu nyumbani yamegoma!"

"Malezi nitawafundisha mkutano ujao," mzee alijibu. "Kwa leo tazameni watoto."

Ombi liliwasilishwa Jumatatu ile. Karakana ilirudi, baada ya kumtania kwanza kwamba ana mapozi ya bibi harusi. Jibu la mkaguzi lilichukua muda mrefu, na lilipofika lilikuwa na hati zangu zilezile mbili. Nilizitambua kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani. Lakini mkaguzi hakuzishona. Alisema dai la kwanza katika ombi letu ni pana mno, linameza na yale yanayojulikana tayari, akataka maelezo. Wakili alinikalisha mbele yake siku nzima. Tukalifinya dai hadi likabaki lile moja ambalo hati zote mbili hazikuwa nalo: kusikiliza kama majirani wamejibiwa, na kuchagua njia kwa hilo. Jibu letu lilikuwa la ukurasa mmoja na nusu. Mkaguzi alilikubali dai hilo jembamba. Siku habari zilipofika, mzee alinitumia picha ya sato mkubwa na maneno mawili: "Njoo ufuate."

Siku hizi kila ripoti yangu huanza na mstari mmoja: namba ya hati moja yenye kila kilichodaiwa, au maneno "sijaiona". Sijaacha kusoma salamu mara tatu kabla ya kuzituma. Ila nikigundua nimekosea, napiga simu siku ileile.