Macho ya Chakula

Mimi si mtu wa subira. Yaya wangu ndiye aliyekuwa nayo, yake na yangu. Kwetu Kivu ya Kusini yaya ni dada mkubwa, na huyu wangu alinilea tangu mama alipofariki. Siku tuliyovuka mpaka alinibeba mgongoni, ingawa nilikuwa na miguu mirefu ya kutembea mwenyewe.

Miaka ile ya barakoa nilipata kazi ya kutafsiri. Watu wanne wa afya walikuwa wakija Nakivale, makazi ya wakimbizi tulikoishi, kutoka mjini Mbarara kuwapima wagonjwa wa kikohozi na homa. Walipitisha kijiti chenye pamba puani, kisha wakachukua kingine, wakavuta kope ya chini na kukigusisha taratibu pale penye machozi. Walitaka kujua kama virusi vya mapafuni huonekana pia machoni. Mmoja wao, mtu wa maabara, alinieleza kwamba jicho na pua vimeunganishwa kwa ndani, ndiyo maana mtu akilia hupenga kamasi. Huyo alikulia katika kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Ambia yeye fungua macho," alizoea kusema. "Sisi nataka kidogo tu. Hapana ogopa."

Kazi yangu ilikuwa kuigeuza amri hiyo iwe maneno ambayo mtu mwenye homa angeyapokea.

Pua hazikuleta ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye macho. Nakivale, siku ya kugawiwa posho ya chakula, unasimama mbele ya mashine, inakutazama machoni, ikikutambua unapita. Isipokutambua unarudi nyumbani na gunia lako limekunjwa kwapani. Kwa hiyo kila mgonjwa aliuliza: macho yangu munayapeleka wapi? Nilipaswa kumweleza yote, kwamba hii ni ya ugonjwa tu, haihusiani na posho wala na safari ya kuhamishiwa ng'ambo, na kwamba ana haki ya kukataa. Wiki ya kwanza nilieleza hivyo, mmoja mmoja, mpaka koo likanikauka. Wiki ya pili, mzee mmoja wa Burundi aliniuliza swali lile lile kwa mara ya tatu, jua likiwa utosini na foleni imefika barabarani. Nikamwambia, "Mzee, ni kama yale macho ya chakula tu. Haiumi."

Alifungua jicho papo hapo. Nikamwambia hivyo na aliyemfuata, na aliyemfuata huyo, kwa miezi. Foleni ilikwenda mbio na mtu wa maabara akanisifu.

Haikuchukua muda watu wakaanza kusema kwamba vile vijiti vinapelekwa kwenye mashine ya posho, na ukikutwa na kitu jichoni, mashine inakuandika mgonjwa. Nilisikia, nikacheka. Wengine walianza kujificha tukifika, nami nilipita milangoni mwao nikiwarushia methali: mficha maradhi kifo humuumbua. Niliisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Wakati huo yaya alikuwa akisubiri tarehe ya ndege. Dosye yetu, lile faili la maombi ya kuhamia ng'ambo, ilikuwa moja, yake na yangu, na baada ya miaka mingi ya kuhojiwa tulikuwa tumeambiwa tumepita. Alikuwa ameshaanza kugawa vyombo. Sufuria kubwa alimpa jirani Mrundi aliyekuwa ananyonyesha, kisha kila alipopika maharage alikwenda mwenyewe kuiazima.

Nilimwona ana macho mekundu. Nilikuwa nimeona mamia ya macho, na ya yaya nikayaona pia, jioni, akiinamia mafiga.

"Ni moshi tu," alisema. "Kula, mudogo wangu, chakula kinapoa."

Nikala. Kukohoa alikuwa akienda kukohoa shambani, mbali, kwenye mihogo. Hilo niliambiwa baadaye na jirani, ambaye pia aliniambia kwamba kila asubuhi, nikishaondoka kwenda kazini, alimkamulia yaya matone ya maziwa yake machoni, ile dawa ya nyumbani kwetu sote, ili wekundu utoke. Siku ya tisa tangu ile jioni ya mafiga, yaya hakuweza kuinuka. Alikuwa akivuta pumzi kwa mabega.

Nilimfokea. Naiandika hapa kwa sababu nisipoiandika nitakuwa mwongo. Nilimfokea mgonjwa.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungenipeleka kwa bale benu ba vijiti. Bangekamata macho yangu, mashini iandike mugonjwa." Alipumzika kidogo. "Bagonjwa habapandake ndege. Na weye ungebakia."

"Nani alikuambia ni mashine moja?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila lawama yoyote.

"Si ni weye?"

Tulimpeleka Mbarara, akawekewa oksijeni. Mimi nilipata hifadhi Kakoba, mtaa wa mjini humo, kwa mwenzangu wa kazi, na kila asubuhi nilipanda bodaboda kwenda hospitali. Walipotaka kumchukua vipimo niliomba nimweleze mwenyewe. Nilimweleza kama nilivyopaswa kuwaeleza wote: ni ya nini, inakwenda wapi, haiendi wapi, na kwamba anaweza kukataa. Haikuchukua hata dakika tano. Dakika tano tu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanifinya kidole.

"Sasa nimesikia," alisema. "Bakamate."

Alifariki siku ya tano. Mtu wa maabara alinifuata nje kwenye benchi na kuvua kofia yake.

"Kwa pua iko," alisema. "Kwa macho hapana. Mara mingi kwa macho hatupate kitu."

Nilimuuliza ule wekundu ulikuwa wa nini. Akasema hawezi kujua, labda moshi.

Yaani macho aliyoyaficha siku tisa hayakuwa na kitu. Sijapata mahali pa kuliweka jambo hili. Nimejaribu kwa padri, nimejaribu kwa jirani. Wote wananiambia ni mapenzi ya Mungu, nami naitikia, lakini mimi ndiye niliyesema yale maneno, nikayasema kwa uvivu, na akayaamini kwa sababu yametoka kwangu.

Siku ya posho iliyofuata nilikwenda kwa kuwa jirani alinivuta mkono. Nilikuwa nimelia wiki tatu. Macho yangu yalikuwa yamevimba, mekundu kuliko yalivyowahi kuwa ya yaya, na kope zilikuwa zikinatana. Nilisimama mbele ya mashine nikiwa na hakika itanikataa, na niseme kweli, niliomba inikatae, ili angalau kwa hilo yaya awe hajakosea.

Ilinisoma mara ya kwanza.

"Wewe iko sawa," alisema karani bila kuinua kichwa. Akaitazama karatasi yetu ya posho. "Hapa naandika watu mbili. Ile ingine iko wapi?"