Barua za Mama na Wimbo wa Kumi na Mbili

Nilijitapa mbele ya watu, na hapo taabu ikaanza. Tulikuwa tumekaa mtaani Mapendo, jamaa wote, kupanga siku ya kumaliza matanga ya mama, nikasema: "Jumamosi nitasoma barua zake. Ninazo zote."

Mama hakujua kuandika. Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa chuo, Kisangani, alikuwa anakwenda cyber, kwenye kompyuta za kulipia, kuniandikia, pamoja na dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya. Mama alisema, yaya akabonyeza. Sauti ya mama hakuna aliyeirekodi. Barua zile ndizo maneno yake yote tuliyobaki nayo.

Nilikuwa nimezihifadhi katika faili moja kubwa, pamoja na barua zangu nyingine za chuo. Jumatatu niliiagiza programu mpya ya barua pepe ilipokee faili hilo. Ilipokea matangazo ya bweni, ikapokea maombi yangu ya kuongezewa muda wa tasnifu, yote tisa, kisha ikasimama. Faili limeharibika, ilisema. Huko nyuma nililihamisha toka mashine hadi mashine, na safari moja courant, yaani umeme, ilikatika katikati. Mama alikuwa upande wa pili wa ombi la tisa.

Jumanne nilijaribu tena. Jumatano nilipakua programu nyingine, nayo ikasimama palepale. Miaka mitano nilifundishwa mbinu za utafiti, na mbinu yangu ilikuwa kubonyeza kwa nguvu zaidi. Lakini kurudi kwa jamaa na kusema "samahani, zimepotea", hapana.

Alhamisi asubuhi yaya aliniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Muzee wa masomo, barua zimefika?"

"Zinakuja, yaya."

"Zinakuja na miguu toka Kibati?" Akaweka sahani juu ya karatasi zangu. "Ukimaliza, unitengenezee na radio. Ile flash yenye ulinipatia, wimbo wa kumi na mbili hauimbake. Ikifika pale inanyamaza, mimi nasimama na ufagio nangoja."

"Flash gani?"

"Ya wakati wa mulima."

Niliacha kutafuna.

Mlima ulipotema moto na tukaambiwa tuondoke mjini, nililinakili faili, likiwa bado zima, kwenye flash. Njiani kulikuwa na vizuizi, na huku kwetu mtu mwenye flash huweza kuulizwa amebeba nini. Nikafanya ujanja: faili nikalipa jina la wimbo wa kanisa, na herufi za faili la muziki, mp3, mwishoni, nikalichanganya na nyimbo za kwaya. Hakuna aliyeniuliza chochote. Tuliporudi nikamwachia yaya flash, maana anapenda kwaya, na ujanja wangu nikausahau kabisa. Mtu pekee niliyefaulu kumficha barua za mama ni mimi.

Tulipanda pikipiki moja hadi kwake, sombe ikabaki. Nilichomoa flash kwenye radio, nikaiingiza kwenye kompyuta, nikalirudishia faili jina lake. Ombi la tisa lilipita. Baada yake likaja jina la yaya, mtumaji wa barua za mama, mara moja, mara mbili, kisha skrini nzima.

Yaya aliinama akasoma: "Mama anasema kwenye picha umekonda. Mimi naongeza: ni kweli."

Alicheka, kisha akavuta kitenge akajifuta macho. "Alikuwa ananigongaka mugongo," akasema. "'Umeandika yote? Haukuongeza yako?' Namujibu, hapana mama."

Nililinakili faili mara tatu, kwa jina lake halisi. Nilipotaka kulifuta kati ya nyimbo, yaya alinishika mkono.

"Acha huo. Nimeshauzoea."

Jumamosi nilisimama mbele ya jamaa, nimevaa koti, nimekohoa kama mhadhiri. Sikumaliza mstari wa kwanza.

"Toka hapo," yaya akasema, akichukua kompyuta. "Wewe unasoma kama unafundisha. Mama hakusemaka hivyo."

Nikakaa. Akasoma yeye, kwa haraka, kama mama, na pale alipokuwa ameongeza yake aliinua kidole ili tujue.