Deraya ya Maganda ya Mgomba

Mwaka ule shangazi yangu alifariki Mwanza, tukamzika nyumbani kwetu Bugene, nyuma ya mibuni. Baba hakulia mazikoni. Alinyamaza tu, akaendelea kunyamaza hadi Juni, mtoto wa shangazi alipokuja kwetu likizo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye kumi na mitatu. Alishuka basi Kayanga na begi moja na bastola mbili za maji, za plastiki.

Kesho yake watoto wote wa jirani wakaingia vitani. Wengine walitoboa vifuniko vya chupa za soda. Watoto wa wafugaji walileta mabomba ya sindano za ng'ombe, na hayo yalirusha maji mbali kuliko bastola yoyote. Kila mpiganaji alibana kifuani karatasi ya daftari yenye jina lake kwa wino. Wino ukichuruzika, umekufa. Kujikinga ruksa, kwa chochote isipokuwa mwavuli.

Siku ya kwanza nilikufa mara nne. Siku ya pili sikwenda. Nilikwenda shambani nikabandua maganda makavu ya migomba, nikaanza kushona deraya.

Mara ya kwanza niliyapanga wima, ubavu kwa ubavu. Nikamwagia kata moja ya maji, yakapita yote. Nilikaa chini nikakitazama kibanda cha mbuzi, jinsi nyasi za paa zilivyoanzia chini, safu ya juu ikiilalia ya chini yake. Nikafumua kila kitu. Mama alinipa sindano ya magunia. "Usiipoteze, ni ya baba yako," akasema. Ndani niliweka salfeti, ule mfuko wa mbolea, na kofia niliikata kutoka kwenye dumu lililopasuka, kwa kisu nilichokipasha moto jikoni. Siku tatu nzima. Vidole vilitoboka hadi nikawa nashindwa kushika kijiko. Siku ya tatu nikaitundika deraya kwenye mti, nikabana karatasi ndani, nikaimwagia ndoo nzima. Karatasi ilitoka kavu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mtoto wa shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nijaribu kidogo tu," akasema.

Nilimtazama Mama, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni.

"Mpe," akasema Mama. "Ni mgeni huyo."

Nikampa. Alipokwisha kuivaa, akanitikisia bastola zake. Hazikuwa na maji. Nikachukua dumu nikateremka chemchemini. Kiangazi maji hutiririka kama mkojo wa mtoto, na foleni ilikuwa ndefu. Nilipopanda tena mlima na dumu kichwani, vita ilikuwa imekwisha. Wote walikuwa wamelowa chapachapa isipokuwa yeye. Karatasi yake ilikuwa kavu, jina linasomeka.

Baba alikuwa amesimama na jirani yetu kando ya jamvi la kuanikia kahawa, anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

"Mashine hii nani kaitengeneza?" jirani akauliza.

Baba akamshika kijana bega. "Mpwa wangu. Ana akili za marehemu mama yake. Au siyo?"

Yule kijana alinitazama, akatazama chini. "Ndiyo, mjomba," akasema.

Nilisubiri Mama aseme neno. Alikuwa ameinamia ndizi zake. Nikatua dumu, na maji yakamwagikia miguu yangu mwenyewe.

Wiki iliyofuata mtoto wa shangazi alirudi Mwanza. Baba aliagiza deraya ifungwe vizuri kwenye kitenge, kisha akaniambia niibebe hadi stendi ya Kayanga. Niliibeba kichwani njia nzima, nikiwafuata wao wawili. Ilikuwa nyepesi; nilikuwa nimeishona hivyo makusudi. Yule kijana akaipokea kupitia dirisha la basi. "Asante kwa kunibebea," akasema.

Tukarudi kwa miguu, Baba mbele, mimi nyuma. Tulipolipita soko nikajikaza.

"Baba, ile deraya niliishona mimi."

Hakugeuka. "Najua."

"Unajua?"

"Nilikuona ukishona. Siku zote tatu." Akatembea hatua kadhaa. "Mwenzako hana mama. Wewe unaye."

Alilosema lilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kama angekuwa hajui, ningemsamehe kabla hatujafika nyumbani. Lakini alijua, akapima huzuni yake, ya mpwa wake na yangu, akaona yangu ndiyo nyepesi.

Sasa naishi Isingiro, nina watoto wangu wawili. Nikienda kumsalimia Baba nampa shikamoo, anaitikia marahaba, tunazungumza habari za mvua na kahawa. Ameanza kuzeeka. Kuna siku hunitazama kama mtu mwenye neno mdomoni, nami huinuka nikaenda jikoni kumsaidia Mama.