Nyamizi na Korongo la Shule

Nyamizi binti Mayala alikuwa darasa la tatu mwaka ule kichaka cha shule kilipofyekwa. Nilisoma naye darasa moja, dawati langu likiwa nyuma ya lake. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinisimulia mwenyewe tulipokwisha kuwa watu wazima.

Shule yetu iko upande wa Sapiwi, huko Bariadi, kwenye mteremko unaoshuka mpaka mbugani kwenye majaruba ya mpunga. Juu ya madarasa palikuwa na kichaka cha migunga na nyasi ndefu. Hakuna aliyekiita msitu. Tulikuwa tukiokota humo kuni za uji wa shule, na wakati wa mapumziko tukijificha humo kucheza.

Kisha likaja soko huria. Zamani pamba yote ilipelekwa chama cha msingi cha ushirika, mkulima akarudi nyumbani kusubiri malipo. Sasa wanunuzi binafsi walitoka Bariadi mjini na malori na mizani zao, wakanunua pale pale, na kila mtu akatamani shamba kubwa kuliko la jirani. Kamati ya shule nayo ikakaa, ikaamua kichaka kifyekwe, shule ilime pamba ipate mabati na madawati. Mzee Mayala, baba yake Nyamizi, alikuwa mjumbe wa kamati hiyo, na maksai wake ndio waliokokota plau ya kwanza pale. Tulishangilia kama watu wanaotazama harusi.

Msimu wa kwanza pamba ilikubali, na darasa la saba likaezekwa upya. Uliofuata, bei ikaanguka, malori yakapungua, shamba likaachwa. Udongo ukabaki wazi, hauna mti wala jani. Mvua zilipoanza, maji yalishuka kwa kasi kutoka juu, yakachimba mfereji pembeni mwa madarasa. Mfereji ukawa shimo, shimo likawa korongo linalomfika mtu mzima kifuani. Tulilizoea. Wakubwa walilivuka kwa kuruka, wadogo walishuka na kupanda kwa mikono.

Nyamizi alikuwa na mdogo wake, Masalu, aliyeanza darasa la kwanza mwaka wa tisini na sita. Kila siku walikwenda na kurudi pamoja. Siku moja ya mvua Nyamizi alibaki kwa zamu ya usafi, naye Masalu akatangulia na wenzake. Walipofika korongoni maji yalikuwa yamejaa, rangi ya damu ya mzee. Wenzake walisimama. Masalu alisogea ukingoni kutazama, ukingo ukamegeka, akaenda nao.

Walimpata jioni chini kwenye majaruba. Mzee Mayala ndiye aliyembeba mpaka nyumbani, hakukubali kupokewa. Nyanjige, mama yake mtoto, alitoka nje ya mji, yaani boma lao, akaona kilichobebwa, akakaa chini mahali pale pale aliposimama.

Baada ya msiba Nyamizi alirudi shuleni. Hakulia mbele yetu. Wakati wa mapumziko alikwenda juu kwenye miamba, akarudi na jiwe kichwani, akalitupa korongoni. Akaenda tena. Tulimtazama siku ya kwanza, na ya pili, hakuna aliyemsogelea. Tulidhani huzuni imemharibia akili.

Siku ya tatu alikuja Mwalimu Elia. Alikuwa mwenyeji wa Malampaka, kijana bado, akitufundisha sayansi na kilimo.

"Unafanya nini, Nyamizi?"

"Nalijaza."

"Halijai hivyo, mwanangu. Mvua ya kesho itayachukua mawe yote."

Nyamizi alilishika lile jiwe kifuani, akamtazama. "Basi nifundishe yasichukuliwe."

 Mwalimu Elia alikwenda kuuliza kwa bwana shamba Bariadi, akarudi na maelezo. Alitueleza kwamba korongo halijazwi, maji ndiyo yanayopunguzwa mwendo. Mawe yapangwe kwa mstari kukatiza korongo, ngazi baada ya ngazi, ili kila ngazi ishike tope. Lakini hayo yote ni bure kama huko juu ardhi itabaki uchi.

Tangu hapo kila mwanafunzi alikuja asubuhi na jiwe, mkubwa kubwa, mdogo dogo. Tulipanga ngazi za kwanza, mvua ikazibomoa. Tukapanga tena, tukichimbia mawe ya chini. Ukingoni tulipanda minyaa, ambayo inashika upesi na ng'ombe haili. Wasichana wa darasa la sita walijenga jiko la udongo jikoni kwa mpishi wa uji, likala kuni chache kuliko yale mafiga matatu, kwa hiyo hatukutumwa tena kukata vichaka vya mbugani.

Lakini jambo kubwa lilikuwa lile shamba la juu. Wazee wetu walikuwa na desturi ya ngitili: eneo la malisho hufungwa wakati wa mvua, nyasi zikue, kisha hufunguliwa kiangazi mifugo ikikosa chakula. Nyamizi alisema shamba la shule lifungwe liwe ngitili, ila hii isifunguliwe kwa mifugo mpaka korongo litulie. Mwalimu Elia alilipeleka neno hilo kwenye mkutano wa kijiji. Watu walinung'unika. Mwishoni walinyoosha mikono kukubali, na Mzee Mayala alinyoosha wake, macho yakiwa chini.

Mvua zilizobaki mwaka ule ziliotesha nyasi. Visiki vya migunga tulivyodhani vimekufa vilichipua. Tuliizungushia ngitili ua wa minyaa, na zamu za ulinzi tulizigawana wenyewe.

Mvua za mwisho wa mwaka hazikuja. Mwezi wa kwanza ukapita kavu, wa pili kavu. Mabwawa yakawa tope, kisha nyufa. Ng'ombe wakaanza kuanguka njiani, na harufu ilikuwa kila mahali. Ukisimama shuleni na kutazama pande zote, rangi ya majani makavu yaliyosimama ilikuwa mahali pamoja tu, ngitili yetu.

Asubuhi moja ilikuwa zamu ya darasa letu. Tuliona vumbi linakuja, na mbele ya vumbi kundi la ng'ombe waliokonda mpaka mifupa ya nyonga imetokeza. Nyuma yao alikuwa Mzee Mayala na fimbo yake. Nyamizi alikwenda akasimama kwenye uwazi ulioachwa katikati ya minyaa. Alipiga goti kidogo.

"Mwangaluka, baba."

Mzee Mayala hakuitikia salamu. "Toka njiani, ng'wanone. Toka, mwanangu."

"Ngitili haijafunguliwa, baba."

"Ng'ombe wanakufa. Huwaoni?"

"Nawaona."

"Nyasi hizi ni za kijiji. Niliinua mkono wangu mwenyewe zikafungwa. Sasa naziomba, na unayenizuia ni wewe niliyekuzaa?"

Sisi wengine tulikuwa tumerudi nyuma. Kwetu mtoto hamzibii baba yake njia. Nyamizi hakusogea.

"Wakiingia leo watakula mpaka mizizi," alisema. "Mvua ikija maji yatashuka tena kama yale. Wako watoto wa darasa la kwanza wanapita pale chini, baba."

Hakutaja jina. Mzee Mayala aliinua fimbo. Mmoja wetu alipiga kelele. Fimbo ilishuka kwenye ubavu wa ng'ombe wa mbele, mara moja, mara mbili, mpaka akageuka, na kundi lote likageuka nyuma yake.  Nyamizi alisimama pale pale mpaka vumbi likatua, kisha akakaa chini akalia kwa sauti, kilio ambacho hatukukisikia hata siku ya mazishi.

Mchana ule tulikaa na Mwalimu Elia darasani. Nyamizi alisema hawezi kulala akiwa na nyasi huku ndama wa mama yake anakufa nyumbani. Tulibishana sana. Mwisho tulikubaliana nyasi zikatwe kwa mundu, sehemu baada ya sehemu, mashina yabaki, na kila mji upate mzigo kwa ajili ya ng'ombe anayekamuliwa na ndama wake. Kundi zima lisiingie, la mtu yeyote. Tulikata jioni ile ile.

Nyamizi alifika nyumbani na mzigo kichwani, akakuta zizi tupu. Baba yake alikuwa ameondoka na kundi kuelekea kusini, kwa uvumi kwamba huko mbele ya Mwanhuzi mvua imenyesha. Alimwachia Nyanjige ng'ombe mmoja aliyeshindwa kutembea, na ndama wake.

"Amesema nini?" Nyamizi aliuliza.

"Hakusema," mama yake alijibu. "Weka nyasi hapo, mayu, mama yangu, wale kabla hakujaingia giza."

Nyamizi aliniambia kwamba miezi ile ilikuwa mizito kuliko ya msiba. Msibani hakuwa na la kujiuliza. Sasa kila usiku aliwaza kama amemtupa baba yake porini. Habari zilikuja kwa vipande, kwamba ameonekana Meatu, kwamba ng'ombe wanamwishia njiani. Watu wengine walimsema wazi kisimani, kwamba ni binti aliyemfukuza mzazi wake. Nyanjige aliwasikia, akateka maji yake, akaenda zake.

Mzee Mayala alirudi mvua za vuli zilipoanza, na ng'ombe wachache sana, wa kuhesabiwa kwa jicho moja. Alikuta yule ng'ombe dhaifu amesimama zizini na ndama amekuwa mtamba. Alimpapasa mgongoni.

"Mlimlisha nini huyu?"

"Nyasi za watoto," Nyanjige alisema.

Aliingia ndani akalala. Siku nyingi alizungumza na Nyamizi mambo ya kazi tu: lete maji, funga ndama, chakula kiko wapi.

Mvua za mwaka ule ndizo zile za Elnino. Madaraja yalikwenda, barabara ya Bariadi ilikatika, nyumba za udongo zililala chini vijiji vingi. Siku ya mvua kubwa kuliko zote tulizuiwa kutoka madarasani. Nyamizi alichungulia dirishani akamwona baba yake juu ya ukingo wa korongo, gunia kichwani, anatazama. Alitoka bila ruhusa, akaenda akasimama karibu naye.

Maji yalikuwa mengi, lakini yalikuwa yakitoka kwenye nyasi taratibu, yakishuka ngazi baada ya ngazi, yakiacha tope kila penye mawe. Ukingo haukumegeka.

"Yanapita polepole," Mzee Mayala alisema.

"Ndiyo, baba."

Mzee Mayala aliendelea kuzitazama ngazi za mawe. Maji ya mvua yalimtiririka usoni. "Masalu sasa angekuwa anaingia darasa la tatu," alisema. Tangu mazishi jina hilo lilikuwa halijatamkwa kwenye mji wao. Kisha alivua lile gunia akamfunika binti yake, wakasubiri mvua ipungue.

Mwaka uliofuata tulimaliza darasa la saba. Nyamizi alifaulu, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache na hakuchaguliwa. Aliolewa kijiji cha jirani na kijana aitwaye Luhaga, wanalima pamba na mpunga, wamejaliwa watoto. Mwalimu Elia alihamishiwa Maswa. Mzee Mayala alifariki akiwa na kundi dogo, hakulikuza tena.

Korongo halikuziba lote. Limekuwa bonde jembamba lenye nyasi, mtoto anavuka bila kuinama. Ngitili nayo si kubwa kama ile yetu. Miaka iliyofuata kamati nyingine ilitaka kuifyeka yote, wajenge nyumba za walimu na walime upya. Nyamizi alisikia, akatembea kutoka kwa mume wake mpaka kwenye mkutano, akaomba nafasi ya kusema. Walimpa. Wengi wao hawakumjua, wala hawakujua habari za Masalu, ikabidi awasimulie tangu mwanzo. Walimsikiliza, wakajadiliana mpaka jua likaanza kuteremka. Wakafyeka nusu, wakaacha nusu.